Jinsi Miali ya Eksirei Ilivyogunduliwa

Mtoto akianguka kutoka juu ya mwembe na mkono wake ukavimba, hospitalini hupigwa picha ya eksirei. Daktari huitazama picha hiyo mbele ya taa, akaona mahali mfupa ulipovunjika, bila ya kuupasua mkono. Je, wadhani aliyeigundua miali hiyo alikuwa akitafuta njia ya kuona mifupa? La! Hakuwa hata daktari.

Wilhelm Röntgen alikuwa mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani. Alitaka tu kujua umeme hufanya nini unapopita katika chupa ya kioo iliyotolewa hewa karibu yote. Tarehe 8 Novemba, 1895, aliifunika chupa hiyo kwa karatasi nene nyeusi, akatia chumba giza, kisha akawasha umeme. Chupa haikuonyesha mwanga wowote. Lakini mbali kidogo nayo, karatasi iliyopakwa kemikali iling'aa! Alipozima umeme, mng'ao ulitoweka. Alipowasha tena, ulirudi.

Ni kitu gani kilichopenya karatasi nyeusi? Kwa majuma saba Röntgen alishinda maabarani akifanya majaribio. Aliweka kitabu kinene njiani, miali ikapita. Aliweka ubao, ikapita. Madini ya risasi yaliizuia. Alipoweka mkono wake mwenyewe, aliona kivuli cha mifupa yake. Tarehe 22 Desemba alipiga picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha. Mifupa ya vidole ilionekana wazi, na pete pia. Sababu ni kwamba nyama huipitisha miali hiyo kwa urahisi, bali mifupa, iliyo na kalisi nyingi, huizuia zaidi.

Kwa kuwa hakujua ni miali ya namna gani, aliiita X, herufi itumiwayo katika hesabu kwa kitu kisichojulikana.

Yafaa ujue kwamba bahati kama hiyo ilikwisha kumjia mtu mwingine. Mwaka 1890, huko Philadelphia, Marekani, Arthur Goodspeed alipata picha yenye vivuli vya ajabu karibu na chupa ya namna hiyo hiyo. Hakuelewa maana yake, akaiweka kando. Aliitambua miaka sita baadaye, Röntgen alipokwisha kutangaza habari zake.

Mapema mwaka 1896 madaktari walianza kuitumia miali hiyo kutafuta mifupa iliyovunjika na risasi za bunduki zilizobaki mwilini. Röntgen hakudai haki ya kuuza ugunduzi wake. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, iliyokuwa ya kwanza kutolewa.

Hata hivyo, miali ikizidi hudhuru mwili. Watumiaji wa kwanza hawakulijua hilo, na wengi wao walipata vidonda mikononi. Ndiyo maana siku hizi mpiga picha ya eksirei husimama nyuma ya kinga yenye madini yale yale ya risasi.