Je, Wajua? Jeni Iliyoharibika Inaweza Kuipa Dawa Nguvu

Kila mmoja wetu, mwanamume kwa mwanamke, ana jeni iitwayo BRCA1. Iko kwenye kromosomu ya 17. Mtafiti Mary-Claire King na wenzake wa California walibaini eneo lake mwaka 1990, na mwaka 1994 jeni yenyewe ikapatikana. Kazi yake ni ya fundi: husaidia kuunga DNA inapokatika nyuzi zote mbili. Mtu akirithi nakala yenye hitilafu, kisha ile nzima nayo ikapotea ndani ya seli ya titi, mikato huungwa ovyo na makosa hulimbikizana hadi saratani izuke. Lakini dawa nyingi anazopewa mgonjwa kabla ya upasuaji huua seli kwa kuiharibu DNA yake, na seli isiyo na fundi haijinusuru. Hitilafu iliyoleta ugonjwa ndiyo inayoudhoofisha mbele ya dawa.

Jaribio la GeparSixto la Ujerumani lilionyesha hivyo kwa wanawake ambao saratani yao haikuwa na vipokezi vya homoni wala kipokezi cha HER2. Miongoni mwa waliorithi hitilafu ya BRCA1 au ya jeni mwenzake, BRCA2, theluthi mbili hivi hawakukutwa na saratani iliyosalia titini wala kwapani baada ya tiba. Kwa wasio na hitilafu, waliofikia hapo walikuwa asilimia 36, na dawa ya kaboplatini ilipoongezwa wakafika 55. Wenye hitilafu hawakupata nyongeza yoyote. Hata hivyo nadharia isituchukue mbali. Katika jaribio la INFORM la Marekani, sisplatini peke yake, dawa iliyotarajiwa kuwafaa zaidi wenye hitilafu hizo, ilifuta uvimbe kwa asilimia 18 ya wagonjwa, huku mchanganyiko wa zamani wa doksorubisini na siklofosfamidi ukifikia 26. Tena hitilafu nyingine humkinga adui. Ile ya jeni ya PIK3CA, ambayo kwa kawaida hairithiwi bali huzuka ndani ya uvimbe, ilichunguzwa kwa wagonjwa 967 wa saratani yenye HER2: waliokuwa nayo, uvimbe uliisha kabisa kwa asilimia 16 yao, wasio nayo, karibu 30.

Kuna atakayeuliza haya yana faida gani kwa mwanamke wa Majengo, Dodoma, ambaye kwa miaka mingi wenzake wamesafiri takriban kilomita 450 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, wengi wakiwa wamechelewa. Swali ni la haki, na kipimo cha vipokezi kitangulie daima, maana bila hicho hata dawa ya kuanzia haichaguliki vizuri. Ila aliyechelewa ndiye hasa anayehitaji dawa ziupunguze uvimbe kabla ya kisu, hivyo ndiye anayeguswa zaidi na tofauti hizi. Wala jeni hizi si habari za Wazungu: nchini Nigeria, kati ya wagonjwa 1,136 wa saratani ya matiti waliopimwa, asilimia 14.7 walikuwa wamerithi hitilafu katika jeni zinazohusiana na ugonjwa huo. Kipimo cha jeni ni ghali, kweli, kwa hiyo kianze kwa wanaokihitaji zaidi. Kuwatambua hakuhitaji mashine: daktari aulize nani katika ukoo aliugua saratani ya titi au ya ovari, akiwa na umri gani, na asiishie kwa mama na mama wadogo. Shangazi naye aulizwe habari zake, kwa sababu baba hurithisha BRCA1 sawasawa na mama.