Filamu ya "Simba" na Siri ya Manyani

Wasafiri wa barabara kuu wanalijua jina la Manyani. Ukitoka Mombasa, ukaipita Mackinnon Road na msikiti wake wenye kaburi la Sayyid Baghali, ukaingia Voi kisha ukashika njia ya Nairobi, hukawii kufika. Wengi hupita hapo wakisinzia. Lakini mimi nasema ya kwamba mtu akitaka kujua jinsi sinema inavyouza uzushi wa kisiasa, na aanzie hapo.

Mwaka 1955 Waingereza walitoa filamu iitwayo "Simba", kazi ya Brian Desmond Hurst, juu ya vita vya Mau Mau. Mchezaji wake mkuu, Dirk Bogarde, hakuja Kenya kuipiga. Sehemu zake zilipigwa studioni Pinewood, Uingereza, na huku kwetu akatumiwa mtu wa kufanana naye, akapigwa picha kwa mbali. Hilo si neno. Ndiyo kazi ya sinema. Neno ni lile ambalo mtazamaji alitakiwa aliamini.

Tazama inavyoanza. Mwafrika anaendesha baiskeli. Kando ya njia amelala Mzungu aliyeumia, anaugua. Mwafrika anateremka, nawe unashusha pumzi: msaada umefika. Mara panga! Hapana aliyetoa hotuba, lakini umekwisha kufundishwa kuwa kila uso mpole unaficha jambo. Tangu hapo huhitaji ushahidi. Hata daktari Karanja, Mwafrika mwema aliyechezwa na Earl Cameron, akinyamaza kidogo tu unamshuku.

Kisha linganisha mikutano miwili. Walowezi wanakutana penye mwangaza. Nyuso zao zinaonekana na maneno yao yanasikika. Mau Mau wanakutana nje, usiku wa manane, nyuso zimezama kizani, na badala ya hoja unasikia kelele. Taa na sauti zimekwisha toa hukumu kabla mtu hajasema anadai nini. Mwishowe inafichuliwa kuwa mkuu wa siri ni baba yake daktari yule yule. Basi uasi mzima umekuwa fumbo la mtu mmoja aliyejificha. Akipatikana yeye, yamekwisha.

Fikira hiyo haikutoka hewani. Serikali ya kikoloni nayo ilishikilia ati Jomo Kenyatta ndiye aliyepanga yote, ikamhukumu Kapenguria mwaka 1953 kifungo cha miaka saba. Mwaka 1958 Rawson Macharia, shahidi aliyetegemewa sana, alikula kiapo ya kwamba ushahidi wake ulikuwa wa kununuliwa.

Ndugu msomaji, uzushi wenye nguvu haujengwi kwa uongo mtupu. Viapo vya Mau Mau vilikuwapo. Mauaji yalikuwapo, kama yale ya Lari ya Machi 1953. Ufundi wa filamu ni kuichukua kweli hiyo na kuikata mizizi yake, yaani ardhi. Na madai ya ardhi hayakuwa siri hata kidogo. Hapa Taita kwenyewe, akina Woresha Mengo waliunda chama cha Taita Hills Association mwishoni mwa miaka ya 1930, wakadai ardhi yao waziwazi. Mwaka 1940 chama chao kikapigwa marufuku, pamoja na Kikuyu Central Association na kile cha Wakamba. Mtu aliyezibwa mdomo mchana akisema usiku, huambiwa ana njama.

Waama siri ilikuwapo, ila haikuwa pale kamera ilipoelekezwa. Filamu hiyo ilipokuwa ikionyeshwa, Manyani palikuwa na maelfu ya watu waliofungwa bila ya kesi, wengi wao waliokamatwa Nairobi katika msako wa Aprili 1954. Walichambuliwa kama nafaka: "weupe", "kijivu" na "weusi". Homa ya matumbo iliingia kambini mwaka huo huo. Machi 1959, huko Hola, wafungwa 11 walipigwa hadi wakafa, na tangazo la kwanza la serikali likasema walikufa baada ya kunywa maji.

Uhuru ulipokaribia, majalada ya serikali yalisafirishwa Uingereza kwa siri. Ni mwaka 2011, kwa sababu ya kesi ya wazee wa Kenya, serikali ya huko ilipokiri kuwa yamehifadhiwa Hanslope Park. Juni 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Hao walisubiri zaidi ya nusu karne, na wenzao wengi walikwisha tangulia mbele ya haki.

Sinema siku hizi imo mkononi, katika simu, na mbinu ni zile zile: giza, ngoma ya kutisha, uso uliokatwa nusu, na sauti inayouliza swali bila ya kulijibu. Kila mwaka wa uchaguzi hutufikia. Ukiletewa picha ya namna hiyo juu ya kabila fulani au dini fulani, jiulize mpiga picha amesimama upande wa nani, ni nani ambaye hakupewa nafasi ya kusema, na ukiizima ile ngoma kunabaki ushahidi gani. Kisha ndipo uamue kama ya kupelekea jirani.