Ngome ya Yesu, Iliyoshindwa kwa Njaa na Maradhi

Majani ya chai yachumwayo katika vilima vya Roret na pande nyingine za Kericho husafiri hadi Mombasa, ambako chai hunadiwa na kupakiwa melini. Mtu aifuataye njia hiyo mpaka Mji wa Kale ataona, juu ya mwamba uukabilio mlango wa bandari, jengo lisilo na kifani katika pwani hii: Ngome ya Yesu.

Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Ramani yake ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano wa Milano. Fundi huyo hakujenga minara mirefu ya kizamani, kwani ilikuwa zama ya mizinga. Kuta alizifanya nene, akazisimamisha juu ya jabali la matumbawe, na kila pembe akaitokeza nje, ili adui afikaye chini ya ukuta apigwe kutoka ubavuni. Atazamaye ramani huona umbo la mtu aliyelala chali, mikono ameinyosha.

Lakini ukuta haumzuii mgeni aliyefunguliwa mlango. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa na kubatizwa huko, aliingia kama rafiki, akamwua kapiteni na kuitwaa ngome. Mwaka uliofuata aliiacha, nao Wareno wakarejea.

Taabu kubwa ilikuja Machi 1696, Waarabu wa Omani walipoizingira. Wareno wachache walikuwa ndani, na pamoja nao Waswahili wengi, wanawake na watoto. Njaa na maradhi viliwaua wengi kuliko mizinga. Mwaka 1697 maofisa wa Kireno walikwisha kufa, na ulinzi ukashikwa na Bwana Daud, wa ukoo wa watawala wa Faza. Jina lake lastahili kujulikana kuliko la kapiteni yeyote. Meli za msaada zilifika, na mojawapo, Santo Antonio de Tanna, ikazama mbele ya ngome yenyewe.

Desemba 1698, baada ya miezi 33, Waarabu walipanda kuta, wakakuta watetezi wachache mno. Meli nyingine za Wareno zilitokea siku chache baadaye, zikageuka.

Waingereza waliifanya gereza toka 1895 hadi 1958. Tangu 1960 ni jumba la makumbusho, na vyombo vilivyoopolewa katika meli ile iliyozama vimewekwa humo.