Je, Wajua? Kioo Kinachonyoosha Picha Mbele ya Jicho

Je, wajua kwamba kioo kimoja mbonyeo kinaweza kufanya kazi kama vioo viwili visivyoelewana? Kielekeze moja kwa moja kwenye taa iliyo mbali, nacho kitaikusanya miale yake mahali pamoja. Kiinamishe hadi miale ikigonge kwa pembe ya nyuzi 45, na mambo yanageuka: miale iliyojipanga wima inakutana karibu na kioo, iliyojipanga kwa ulalo inakutana mahali palipo mbali mara mbili. Picha nzima haipati pa kutulia. Mstari wa kusimama ukionekana safi, wa kulala unafifia, na mraba uliochorwa kwa rula unatoka umevutwa upande. Chukua kijiko cha chuma kinachong'aa, jitazame ndani yake, kisha kiinamishe taratibu. Utauona uso wako ukirefuka na kupinda.

Hicho ndicho kikwazo cha kwanza cha wanaobuni miwani ya kielektroniki, ile inayomwonyesha mvaaji maandishi na picha zikielea mbele yake. Skrini yenyewe ni ndogo mno, lakini haiwezi kukaa mbele ya jicho, maana itamziba mtu asione njia. Hupachikwa karibu na paji la uso au ubavuni mwa kichwa, na kioo ndicho kinachoupokea mwanga wake na kuurudisha jichoni. Kwa hiyo kioo hakina budi kuinama, na kikiinama, picha inapinda.

Wazo la picha zinazoelea si jipya. Mwaka 1968 Mmarekani Ivan Sutherland alitangaza kifaa cha kuvaa kichwani kilichounganishwa na dari kwa mkono wa chuma. Mvaaji aliona maumbo ya mistari mitupu yakielea chumbani, kwa sababu vioo vyake viliakisi sehemu ya mwanga na kupitisha sehemu.

Kwa nini wabunifu wasitumie lenzi tu, waepuke usumbufu wa kioo? Lenzi hupinda rangi nyekundu na buluu kwa viwango tofauti, ndiyo maana ukingo wa picha huota pindo la rangi. Kioo hakibagui rangi. Isaac Newton alilitegemea jambo hilo alipojenga darubini yake ya vioo mwaka 1668. Tena kioo kina nguvu. Lenzi ya kawaida iliyo bapa upande mmoja na kioo chenye mpindo ule ule havilingani: kioo hukusanya mwanga karibu mara nne zaidi. Kwa kitu kinachobebwa na pua kutwa nzima, hiyo si faida ndogo.

Je, wajua kwamba hesabu ya kazi hii ilimshughulisha Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 na kufia Cairo? Alijiuliza: kitu kikiwa hapa na jicho likiwa pale, mwanga utagonga nukta gani ya kioo cha mviringo ili ufike jichoni? Swali linaonekana jepesi, lakini hesabu yake ni ngumu kwelikweli. Leo programu za kompyuta hulijibu tena na tena, mwale baada ya mwale, hadi umbo la kioo lipatikane.

Dawa za picha kupinda ni kadhaa. Mojawapo ni kuweka kioo bapa cha nusu-kuakisi kwa nyuzi 45, kisha kioo mbonyeo kikae wima mbele yake bila kuinama. Miwani ya Google Glass ya mwaka 2013 ilifuata njia hiyo ndani ya kipande kidogo cha mche. Picha inanyooka, ila mwanga unatozwa ushuru mara mbili: nusu hupotea unapoakisiwa na kioo bapa, na nusu ya uliobaki hupotea unapokipenya ukirudi. Kinachofika jichoni hakizidi robo.

Dawa ya pili naipenda zaidi: kukipa kioo chenyewe umbo lisilo la tufe. Kwa nyuzi 45, ukikipinda kwa ulalo mara mbili ya kinavyopinda kwa wima, katikati ya picha inapona. Pembeni bado inaumwa, kwa hiyo wabunifu huchonga nyuso huru zisizo na ulinganifu wa kuzunguka. Nyuso za aina hiyo zilikuwemo tayari kwenye kamera ya Polaroid SX-70 ya mwaka 1972. Siku hizi umbo hukatwa kwa ncha ya almasi.

Ubaya ni kwamba kioo hakisamehe. Kikiinama nyuzi 1, mwanga unageuka nyuzi 2, na kasoro ya uso wake huharibu picha takriban mara nne ya kasoro kama hiyo kwenye lenzi. Darubini ya anga ya Hubble ilirushwa mwaka 1990 ikiwa na kioo chenye upana wa mita 2.4, na kosa la mikromita mbili tu ukingoni likatosha kuitia picha ukungu. Mwaka 1993 wanaanga walikwenda kufunga vioo vidogo vilivyochongwa kulifuta kosa hilo.

Wapo wanaosema kompyuta iachiwe kazi yote: iipinde picha kinyume kabla ya kuituma, ifike imenyooka. Inasaidia sana, lakini peke yake haitoshi. Marekebisho hayo hupimwa kwa mboni iliyo mahali pamoja, na mboni haitulii. Ukigeuza macho, mboni inahama, nayo miale inayoingia jichoni inatoka sehemu nyingine ya kioo. Ndipo mistari inapoyumba na kichwa kuanza kuzunguka. Ukipata nafasi ya kujaribu miwani hiyo dukani, fungua picha yenye mistari iliyonyooka, tuliza kichwa, kisha zungusha macho peke yake kutoka kona hadi kona. Mistari ikiogelea, kioo hakijakamilika.