Kabla ya Kulipia Kiwanja: Kukagua Mahali kwa Kipokezi cha GPS na Programu ya Ramani

Mnunuzi wa kiwanja kilichopimwa Utemini, katika Manispaa ya Singida, huonyeshwa bikoni pamoja na nakala ya ramani ya upimaji. Ramani hiyo huwa na jedwali la viwianishi, yaani namba zinazotaja mahali ilipo kila bikoni. Kwa kipokezi cha GPS cha mkononi na programu ya ramani, mnunuzi anaweza kukagua mwenyewe iwapo ardhi aliyoonyeshwa ndiyo iliyoandikwa. Tunahimiza ukaguzi huo, mradi ajue kifaa chake kinaweza kuthibitisha nini na hakiwezi kuthibitisha nini.

Datumu na kanda

Viwianishi husomwa pamoja na datumu, yaani kielelezo cha umbo la dunia kilichotumika kuvikokotoa. Vipokezi kwa kawaida hutoka kiwandani vikiwa katika WGS 84, ilhali ramani nyingi za zamani za Tanzania zilichorwa kwa Arc 1960. Namba zikisomwa kwa datumu isiyo yake, pointi huhama takriban mita 300. Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 30, umbali huo ni mara kumi ya upande wake mrefu.

Vilevile, Singida ipo katika kanda ya 36 Kusini ya mfumo wa UTM; Arusha na Dar es Salaam zipo kanda ya 37. Programu iliyoachwa katika kanda ya 37 itaiweka pointi ya Utemini ndani ya Bahari ya Hindi.

Hatua za kufuata

1. Soma datumu na kanda zilizoandikwa kwenye ramani ya upimaji. Zisipoonekana, uliza ofisi ya ardhi ya Manispaa.
2. Ingiza viwianishi vya jedwali katika programu, kwa mfano QGIS, ukichagua datumu na kanda hizo.
3. Acha kipokezi katika WGS 84. Simama kwenye kila bikoni, subiri namba zitulie, kisha hifadhi pointi.
4. Hamishia pointi katika programu kwa faili la GPX, ulinganishe na zile za jedwali.

Kuelewa matokeo

Mahali pa wazi, kipokezi cha mkononi hukosea kwa mita 3 hadi 10 hivi. Kando ya ukuta, chini ya mti au karibu na majabali, kosa huongezeka. Tofauti ya kiasi hicho si dalili ya udanganyifu. Tofauti ya karibu mita 300 ikitokea, hakiki datumu kabla ya kumshuku muuzaji. Ikiwa mipangilio ni sahihi na pointi bado zinapishana kwa makumi ya mita, usilipe. Wasilisha nakala ya ramani ofisi ya ardhi.

Hata pointi zikilingana, umethibitisha mahali kiwanja kilipo tu. Mpaka na jirani, unaoweza kugombaniwa kwa nusu mita, huthibitishwa na mpima ardhi aliyesajiliwa. Na umiliki huthibitishwa kwa upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Usihamishe bikoni kwa kufuata kipokezi chako: kufanya hivyo ni kosa kisheria.