Muuguzi wa usingizi wa Kindu na viza ya kazi: nani anaweza kumdhamini?

Muuguzi wa wodi anayetaka kwenda kufanya kazi ng'ambo ana safari ndefu, lakini njia yake inaeleweka. Muuguzi wa usingizi ana tatizo la ziada. Kazi anayoifanya kila siku haitambuliki kabisa katika baadhi ya nchi anazozitamani, na zile zinazoitambua zinamtaka aisomee upya kwao. Wengi hugundua hivyo wakiwa wamekwisha kulipa pesa za karatasi na za mawakala. Ni heri jambo hili lifahamike kabla ya senti ya kwanza kutoka mfukoni.

Tuanze na kazi yenyewe. Kindu, kama ilivyo karibu Kongo nzima, madaktari bingwa wa usingizi ni wachache mno, na mzigo umebebwa na wauguzi. Mama akivushwa Lualaba kwa pirogi kutoka Alunguli, uchungu umemshika na mtoto amekaa vibaya, muuguzi ndiye anayempima presha, anayetafuta mshipa, anayeamua kati ya sindano ya mgongo na ketamini. Umeme ukikatika katikati ya operesheni, ndiye anayebana mfuko wa hewa kwa mkono wake mpaka jenereta iwashwe. Daktari anapasua, muuguzi anaulinda uhai. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba ng'ambo hana sifa, anaona ametukanwa. Hajatukanwa. Amekutana na sheria iliyoandikwa kwa ajili ya shule nyingine.

Viza ya kazi hutegemea ajira, ajira hutegemea leseni, na leseni hutegemea masomo. Mdhamini ni mwajiri aliyeruhusiwa na serikali yake kuleta wafanyakazi kutoka nje. Hata akikupenda namna gani, hawezi kukudhamini kwa kazi ambayo baraza la wauguzi la nchi yake halitakuruhusu kuifanya. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: nchi gani itanisajili, na kwa kazi ipi?

Marekani wauguzi wa usingizi wako wengi, wanaheshimika na wanalipwa vizuri. Lakini cheti chao hutolewa kwa aliyehitimu shule ya anestezia iliyoidhinishwa huko huko, na tangu 2022 wanaoanza masomo hayo lazima wasome hadi ngazi ya udaktari wa taaluma. Diploma ya Kindu au ya Kinshasa haifungui mtihani wao. Kinachobaki ni kuingia kama muuguzi wa kawaida: masomo yako yahakikiwe, ufaulu mtihani wa NCLEX-RN na wa Kiingereza, kisha hospitali ikuombee ukaazi wa kudumu katika kundi la EB-3. Hapo wauguzi wana nafuu, kwa sababu mwajiri hatakiwi kwanza kuthibitisha kwamba amekosa Mmarekani wa kazi hiyo. Hata hivyo foleni ya viza zenyewe huweza kuchukua miaka.

Ufaransa inawavuta wengi kwa sababu ya lugha. Huko pia muuguzi wa usingizi yupo, naye husoma miaka 2 baada ya diploma ya uuguzi hadi ngazi ya masta. Tatizo ni hiyo diploma ya kwanza. Iliyotoka nje ya Ulaya haitambuliwi moja kwa moja, na muuguzi Mkongo hulazimika kurudi shule ya uuguzi, na akiwa na bahati husamehewa sehemu ya masomo.

Uingereza usingizi hutolewa na madaktari. Wapo wasaidizi wao wa usingizi, ambao tangu Desemba 2024 wanasajiliwa na Baraza la Madaktari la nchi hiyo, lakini hao husomeshwa kwa mfumo wa huko. Quebec, daktari wa usingizi husaidiwa na mtaalamu wa upumuaji. Mkongo anayekwenda sehemu hizi huenda kama muuguzi wa jumla. Ubelgiji nako ni lazima kwanza diploma ilinganishwe na ya kwao, ndipo aombe ruhusa ya kufanya kazi ya uuguzi.

Hapo kuna mtego ambao mawakala hawausemi. Msajili wa muuguzi wa jumla hutaka kuona masomo na mazoezi ya jumla: watu wazima, watoto, uzazi, magonjwa ya akili. Aliyeingia moja kwa moja kwenye anestezia anaweza kukosa saa za magonjwa ya akili au za watoto, na faili lake likakwama hapo hata kama ametoa usingizi kwa wagonjwa elfu. Naye muuguzi wa A2, aliyesoma ngazi ya sekondari, ana pengo kubwa zaidi kuliko wa A1, aliyesoma chuo. Kabla ya kutafuta mdhamini, fungua relevé zako, yaani karatasi za masomo na alama, uhesabu saa za kila somo. Zikipungua, kuziongeza nyumbani ni rahisi kuliko ugenini.

Liko jambo jingine linaloihusu Kongo yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 2010 kanuni za kuajiri wahudumu wa afya kimataifa, na orodha yake ya 2023 inataja nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu hao. Kongo imo. Uingereza inaifuata orodha hiyo: waajiri na mawakala hawaruhusiwi kuja kutafuta wauguzi huku. Mtu binafsi hakatazwi kuomba mwenyewe, moja kwa moja kwa hospitali. Maana yake ni nyepesi kuikumbuka. Anayekufuata Kindu kwa simu au WhatsApp na ofa ya hospitali ya Uingereza, tena anadai malipo, ama anavunja kanuni ama ni tapeli. Kanuni za Uingereza zinakataza kumtoza muuguzi ada ya kutafutiwa kazi, na orodha ya waajiri wenye kibali cha kudhamini iko wazi kwenye tovuti ya serikali. Litafute jina la mwajiri humo kabla ya kujibu.

Je, hakuna mahali anestezia ya Kongo inahesabika jinsi ilivyo? Papo. Médecins Sans Frontières na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa huajiri wauguzi wa usingizi kwa timu zao za upasuaji, na wanachokitafuta ni kile hasa Kindu inachofundisha: kufanya kazi salama penye vifaa vichache. Kwao diploma na miaka ya uzoefu vina uzito, Kifaransa ni faida, na mambo ya viza hushughulikiwa na shirika lenyewe. Mikataba yao ni ya muda, si ya kuhamia. Kenya nayo inawatambua wauguzi wa usingizi, na hospitali ya Kijabe imewafundisha kwa miaka mingi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ila leseni bado hutolewa na Baraza la Wauguzi la Kenya.

Popote uendako, mambo matatu yatatakiwa. Kwanza, uwe umeandikishwa katika Chama cha Wauguzi cha taifa, kilichoundwa kwa sheria ya 2016. Pili, daftari lako la operesheni: tarehe, aina ya usingizi, matokeo, sahihi ya daktari, bila majina ya wagonjwa. Tatu, shule inayojibu. Wahakiki wa Marekani na wa nchi za Ghuba huiandikia shule moja kwa moja, na sekretarieti isiyofungua barua pepe yake inaweza kumkwamisha mhitimu hodari.

Wakubwa wetu nao wana la kusikia. Wahudumu wengi wa afya nchini bado ni wale wanaoitwa nouvelles unités: wana kazi, lakini hawamo katika orodha ya mishahara ya serikali. Mtu anayelinda uhai usiku kucha bila mshahara hawezi kulaumiwa kwa kutazama ramani ya dunia. Akiondoka mmoja, chumba cha upasuaji kinaweza kufungwa. Basi serikali iwalipe wauguzi wa usingizi, nazo shule za Kindu zitoe relevé zinazosomeka popote duniani. Na wewe unayejiandaa kuondoka, tafuta leseni kwanza na mdhamini baadaye, wala usimlipe mtu yeyote anayekuahidi kinyume cha hapo.