Bamba Lililoharibika

Wahenga walinena kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Methali hii tunaiandika ubaoni kila muhula, ilhali daftari la mwanafunzi aliyekosea tunalijaza wino mwekundu. Mimi mwenyewe, nikiwa shule ya msingi, niliuchora mlima wa kwetu. Mwalimu aliuchana mchoro ule mbele ya darasa kwa kuwa kivuli kiliangukia upande usiostahiki. Sikushika brashi tena.

Ndiyo sababu huwasimulia wanafunzi wangu habari za Bruce Onobrakpeya, mchoraji na mchapaji picha wa Nigeria. Alizaliwa mwaka wa 1932 huko Agbarha-Otor, katika nchi ya Waurhobo yenye misitu na mito. Mwaka wa 1957 alikwenda Zaria, upande wa kaskazini, kusomea sanaa, akakutana na nyika na jua kali. Mandhari hizo mbili hazikumtoka moyoni.

Picha ya chapa huanzia kwenye bamba. Msanii hulipaka nta, akachora juu yake kwa sindano. Asidi hula palipochorwa, wino hujaa humo, kisha karatasi hukandamizwa juu yake. Mnamo 1967 Onobrakpeya alitumia asidi isiyofaa, nayo ikayaharibu mabamba yake ya zinki. Mwingine angaliyatupa. Yeye aliyakarabati kwa gundi, na alipoyachapa, karatasi ilitoka na miinuko na mabonde mithili ya ardhi yenyewe. Ajali hiyo ilimfungulia njia ya mbinu mpya alizozikuza kwa miaka mingi.

Katika miaka ya 1980 aliunda kazi alizoziita Sahelian Masquerades, akitutahadharisha juu ya uharibifu wa mazingira. Nadhani mtu aliyeshuhudia bamba likiliwa na asidi hakuhitaji kufunzwa jinsi nchi inavyoliwa na jangwa. Tena hakuikatia tamaa. Mwaka wa 1998 alianzisha warsha ya Harmattan kwao Agbarha-Otor, wasanii wakaenda kujifunza huko.

Walimu wenzangu, kalamu nyekundu ina kazi yake, nami naitumia. Lakini kabla hatujauchana mchoro wa mtoto, tumuulize alichokiona alipoutazama mlima. Yamkini kivuli kile kilikuwa mahali pake, ila sisi hatujapata kuutazama mlima ule saa za alfajiri.